Matetemeko madogo yafichua mvuke. Je, mkulima atafaidika?

ASUBUHI ya baridi katika milima ya Eburru, Kaunti ya Nakuru, mgeni anaweza kudhani kuna watu wanaochoma makaa kila upande. Weupe unapanda kutoka vichakani, kando ya njia na hata katikati ya mashamba.

Huo si moshi. Ni mvuke unaotoka ardhini usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, bila kuni wala bili.

Wakazi wa Eburru, ambao hawana mito ya kutegemea, walijifunza zamani kuutumia. Huingiza mabomba mahali mvuke unapochomoza, nao ukipoa hugeuka matone yanayotiririka hadi kwenye mapipa na matangi. Hayo ndiyo maji ya mifugo na ya matumizi ya nyumbani.

Aidha, tangu enzi za ukoloni kumekuwa na kituo kidogo cha kukaushia mazao kwa mvuke huo huo. Kilijengwa kwa ajili ya pareto, zao lililowatajirisha wengi katika nyanda za juu, na baadaye kikatumika kukaushia mahindi na mazao mengine.

Upande wa pili wa Ziwa Naivasha, huko Olkaria, joto la aina hiyo hiyo linaendesha mitambo inayoipatia Kenya sehemu kubwa ya umeme wake.

Lakini kwa nini mvuke utokee katika shamba la mtu mmoja na usitokee kwa jirani yake? Na mtaalamu anajuaje mahali pa kuchimba kisima cha kilomita mbili kwenda chini?

Sehemu kubwa ya jibu inatokana na jambo ambalo watu wengi huliogopa: matetemeko ya ardhi.

Chungu kilichofunikwa

Bonde la Ufa ni mahali ambapo ardhi inapasuka na kuachana polepole. Katika ufa huo, miamba iliyoyeyuka hupanda kutoka chini na kukaa karibu na uso wa ardhi kuliko ilivyo kawaida. Ndiyo maana volkano zimejipanga bondeni kama shanga: Suswa, Longonot, Olkaria, Eburru, Menengai, Paka na nyinginezo.

Volkano hizo hazitoi moto leo, lakini hazijafa. Chini yake bado kuna joto kali.

Mvua inayonyesha kwenye kuta za bonde, upande wa Mau na upande wa Nyandarua, haiishii yote mitoni. Sehemu yake huzama kupitia nyufa za miamba. Maji mengine huvuja kutoka Ziwa Naivasha. Maji hayo yakifika chini kabisa hukutana na miamba yenye joto, nayo yakipata moto huwa mepesi na kuanza kupanda tena.

Yangekuwa yanapanda bila kizuizi, joto lote lingepotea hewani. Lakini juu yake mara nyingi pana tabaka la miamba iliyogeuka udongo mfinyanzi kutokana na joto na kemikali. Tabaka hilo hufanya kazi ya mfuniko wa chungu. Mahali mfuniko ulipopasuka ndipo mvuke hutokea, kama unavyoonekana Eburru.

Maji yaliyobanwa namna hiyo hayachemki kwa nyuzi 100 kama ya sufuria. Uzito wa maji na miamba iliyo juu huyazuia, hivyo yanaweza kupita nyuzi 250 na kubaki maji. Kisima kikifika huko, shinikizo hupungua ghafla, maji hugeuka mvuke na kufyatuka hadi juu kwa nguvu za kuzungusha mtambo.

Huko Menengai, katika baadhi ya visima wachimbaji walikuta dalili za miamba iliyoyeyuka katika kina cha zaidi ya mita 2,000. Ni sehemu chache sana duniani ambako keekee ya kuchimbia imekaribia moto wa volkano kiasi hicho.

Kusikiliza miamba ikipasuka

Chungu hicho hakiko kimya. Maji ya moto yanapopita katika ufa mwembamba, shinikizo huongezeka na miamba huteleza kidogo. Maji baridi yakigusa miamba ya moto, miamba husinyaa na kupasuka. Kila tukio la namna hiyo ni tetemeko, ingawa ni dogo mno.

Mengi ya matetemeko haya mtu hawezi kuyahisi. Ng'ombe hatashtuka wala kikombe hakitacheza mezani. Lakini chombo cha kupimia mitetemo, kikifukiwa ardhini mbali na kelele za magari, huyasikia yote.

Wataalamu hutega vyombo kadhaa katika sehemu mbalimbali. Mtetemo mmoja hufika kwenye kila chombo kwa wakati wake, kimoja kikitangulia kingine kwa nukta chache. Kwa kulinganisha nyakati hizo, hupigwa hesabu ya mahali miamba ilipopasuka na kina chake.

Baada ya miezi mingi, nukta zinazowekwa kwenye ramani huanza kujipanga. Zikijipanga kwa mstari, huenda hapo pana ufa unaopitisha maji. Zikikusanyika katika kina fulani na kukatika ghafla chini yake, ni dalili kwamba chini ya hapo miamba ina joto kiasi kwamba imelainika na haiwezi tena kuvunjika.

Kuna dalili nyingine pia. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina zaidi ya moja, na mojawapo haiwezi kupita katika kitu kilichoyeyuka. Wimbi hilo likikosekana au kudhoofika kwenye chombo kimoja, mtaalamu hujiuliza limekutana na nini njiani.

Huko Olkaria uchunguzi wa namna hii ulifanywa katika miaka ya 1990. Mmoja wa walioufanya ni mtaalamu wa jiofizikia Silas Simiyu, ambaye baadaye aliongoza Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi, GDC, iliyoundwa na serikali mwaka 2008.

Ujuzi huo una thamani ya fedha. Kisima kimoja cha mvuke hugharimu mamilioni ya dola, kiwe na mvuke au kiwe kikavu. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa Olkaria kuanzia mwaka 1956, navyo havikutoa mvuke wa kutosha. Kazi ikasimama kwa miaka mingi, na umeme wa kwanza, megawati 15, ulipatikana mwaka 1981.

Leo Kenya ina mitambo ya mvuke yenye uwezo wa zaidi ya megawati 900, na hakuna nchi nyingine ya Afrika inayoikaribia.

Hata hivyo, tetemeko peke yake halitoshi. Wataalamu hupima pia gesi zinazotoka ardhini, kemikali za chemchemi na jinsi miamba inavyopitisha umeme. Mkulima asije akauza mbuzi zake ili achimbe kisima kwa sababu tu nyumba yake ilitikisika usiku.

Ardhi inapumua

Tangu miaka ya 1990, setilaiti nazo zimeleta habari mpya. Picha za rada zinazopigwa kwa nyakati tofauti huonyesha kama ardhi imepanda au imeshuka, hata kwa sentimita chache.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kati ya 1997 na 2000 ardhi ya Suswa na Menengai ilishuka kwa sentimita 2 hadi 5. Longonot ilipanda kwa sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Paka, kaskazini mwa Ziwa Baringo, ilipanda kwa sentimita 21 kati ya 2006 na 2007.

Wachungaji waliokuwa na mifugo yao katika maeneo hayo hawakuhisi lolote. Lakini kwa mtaalamu, hiyo ni ishara kwamba kuna kitu kinachosogea chini, iwe ni miamba iliyoyeyuka, maji ya moto au gesi. Volkano ambayo ardhi yake inapanda na kushuka bado ina uhai. Ni habari njema kwa anayetafuta joto, na ni onyo kwa anayejenga.

Maziwa, samaki na mahindi

Wakulima wengi wanapotajiwa mvuke hufikiria nguzo za umeme tu. Kumbe joto lenyewe, kabla halijageuzwa umeme, linaweza kumfaa mkulima zaidi.

Mfano wa kwanza mkubwa ulitoka Naivasha. Mwaka 2003, shamba la maua la Oserian lilianza kupasha joto nyumba zake za waridi kwa kutumia kisima cha mvuke. Mpango huo ulipanuka hadi hekta 50. Joto la usiku lilipunguza unyevu ndani ya nyumba hizo, na unyevu ukipungua magonjwa ya ukungu hupungua na gharama ya dawa hushuka. Gesi ya kaboni dioksidi kutoka kisimani nayo ilielekezwa kwenye mimea ili ikue vizuri.

Lakini Oserian ilikuwa kampuni kubwa yenye mtaji. Je, mkulima wa ekari mbili?

Kwa ajili ya swali hilo, GDC ilijenga mradi wa maonyesho ndani ya Menengai mwaka 2015. Pana nyumba ya kukuzia mboga, mabwawa ya samaki, mtambo wa kuchemshia maziwa na sehemu ya kufulia nguo, vyote vikitumia joto la kisima. Baadaye iliongezwa mashine ya kukaushia nafaka.

Hesabu zake ni rahisi kufuata. Maziwa huuawa vijidudu yakikaa kwenye nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa nukta 15. Samaki aina ya tilapia hukua vizuri katika maji ya nyuzi 27 hadi 30, joto ambalo mabwawa ya Nakuru hayalipati, hasa usiku. Mahindi ya mbegu hayafai kupashwa zaidi ya nyuzi 43, la sivyo hayataota.

Yote hayo ni joto dogo mno ukilinganisha na la kisima. Hata maji yanayobaki baada ya mvuke kutengwa na kupelekwa kwenye mtambo wa umeme bado yana moto wa kutosha kwa kazi zote hizo.

Hapo ndipo penye jambo kubwa kwa wakulima wa mahindi. Mwaka 2004, watu 125 walifariki katika sehemu za Mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, yaani aflatoksini. Kuvu hao huota kwenye nafaka isiyokauka. Kiwango kinachokubalika sokoni ni unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, mkulima anayetegemea kuanika kwenye turubai hana njia. Huuza haraka kwa bei ya kutupa, au huweka ghalani na kuomba Mungu. Mashine za dizeli zipo, lakini mafuta yakipanda bei gharama ya kukausha gunia moja hula faida yote.

Kaushio la mvuke halinunui mafuta. Hata hivyo si la bure. Yapo mabomba, feni, mafundi na kifaa cha kuhamisha joto, kwa kuwa maji ya kisima hayagusi maziwa wala mahindi. Hupita katika mabomba yake na kupasha maji safi au hewa. Maji hayo yana chumvi na madini yanayoganda ndani ya bomba kama ukoko wa birika, hivyo usafishaji ni wa lazima.

Jambo jingine ni umbali. Umeme husafiri mamia ya kilomita, lakini maji ya moto hupoteza joto njiani. Maana yake ni kwamba kiwanda ndicho kinachoufuata mvuke. Mkulima wa Bahati au Rongai mwenye magunia matano hawezi kukodi gari hadi Menengai akabaki na faida. Wakulima mia moja walio katika chama kimoja cha ushirika wanaweza.

Mfanyabiashara mdogo naye ana nafasi. Anayekusanya maziwa, anayekausha pilipili au matunda, na anayefuga vifaranga wa samaki, wote wananunua joto kila siku bila kulitaja kwa jina hilo. Huliita kuni, makaa, gesi au bili ya umeme.

Hatari isisahauliwe

Ardhi inayotoa mvuke ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuangusha nyumba. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9 liliipiga Subukia, si mbali na Menengai, likaacha ufa mrefu chini ya ukuta wa Laikipia. Watu walikuwa wachache wakati huo na nyumba nyingi zilikuwa za miti na nyasi. Leo eneo hilo lina miji, shule na maghala ya mawe.

Mwaka 2007, upande wa Tanzania, matetemeko mengi yalianza mwezi Julai karibu na mlima Gelai. Kubwa zaidi, la ukubwa wa 5.9, lilihisiwa hadi Nairobi na watu wakakimbia kutoka kwenye majengo marefu. Miamba iliyoyeyuka ilikuwa ikijipenyeza chini ya ardhi. Septemba mwaka huo, volkano jirani ya Ol Doinyo Lengai ililipuka na kumwaga majivu kwenye malisho ya Wamaasai.

Mlipuko mgumu zaidi kutabiri ni ule wa mvuke wenyewe, pale chungu kinapopasua mfuniko bila miamba iliyoyeyuka kufika juu. Huko Japani, mlima Ontake ulilipuka hivyo tarehe 27 Septemba 2014. Matetemeko madogo yalikuwa yameongezeka wiki mbili kabla, kisha yakapungua. Mtetemo wa kuonya ulianza kama dakika 11 tu kabla ya mlipuko. Watu 63 walifariki au kupotea.

Kwa hiyo, vyombo vya kupimia mitetemo vina kazi mbili: kuonyesha mvuke ulipo na kuonya hali inapobadilika. Serikali inayotaka umeme wa mvuke haina budi kuvitunza vyombo hivyo hata baada ya visima kuchimbwa.

Zipo pia hatari ndogo za kila siku. Gesi ya kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, nayo hukaa mabondeni na kwenye mashimo. Wakazi wa Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, huyaita maeneo hayo mazuku, na mbuzi au mtoto akiingia humo anaweza kufa bila kuona lolote. Maji ya chemchemi za moto za Bonde la Ufa nayo mara nyingi yana floridi nyingi, ambayo huharibu meno na mifupa. Yapimwe kabla ya kunywewa.

Nani atapata nini?

Lipo swali lisilojibiwa na chombo chochote cha kupimia. Mvuke ukipatikana chini ya ardhi wanayoishi watu, wao wanapata nini?

Mwaka 2014, zaidi ya familia 150, wengi wao Wamaasai, zilihamishwa kutoka Olkaria ili kupisha mtambo mpya wa megawati 140. Walipewa nyumba na ardhi mahali pengine, lakini baadhi yao walilalamika kuhusu jinsi kazi ilivyofanywa. Malalamiko yalifika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na upatanishi ukafanyika.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 sasa inaeleza jinsi mrabaha wa jotoardhi unavyogawanywa. Serikali ya kitaifa huchukua asilimia 75, serikali ya kaunti asilimia 20 na jamii ya eneo husika asilimia 5.

Asilimia 5 inaonekana ndogo. Lakini ikitoka kila mwaka na ikisimamiwa na kamati inayojua inachotaka, inaweza kujenga kaushio au kituo cha maziwa. Ikigawanywa mkononi, kila familia itapata ya chumvi na sabuni.

Huko Menengai, visima vilianza kuchimbwa mwaka 2011, lakini mtambo wa kwanza wa umeme, wa megawati 35, ulianza kazi mwaka 2023. Katika miaka hiyo yote ya kungoja, joto lilikuwepo. Miradi ya maonyesho imethibitisha kwamba maziwa yanachemka, samaki wanakua na nafaka inakauka.

Kilichobaki ni kutoka kwenye maonyesho kuingia sokoni. Wakulima wanaoishi karibu na visima wanashauriwa kufanya mambo matatu.

Kwanza, waungane katika vyama vya ushirika vyenye hesabu safi, kwa kuwa hakuna kampuni itakayotandika bomba kwa ajili ya mtu mmoja. Pili, wajue kiasi cha mazao yao na kiasi wanachotumia kwa kuni, makaa au dizeli, ili wakienda kuzungumza wawe na takwimu mkononi. Tatu, wahudhurie mikutano ya maoni ya umma kabla mradi haujaanza, waulize kuhusu joto linalobaki baada ya umeme na kuhusu fungu la jamii.

Maji hayo ya moto, mtambo wa umeme ukimaliza nayo, kwa kawaida hurudishwa ardhini kupitia visima vingine ili chungu kisikauke. Ni utaratibu mzuri na wa lazima. Lakini kabla hayajarudi, yanaweza kwanza kupitia kwenye kaushio la ushirika, yakaacha joto lake kwenye magunia ya mahindi, ndipo yaende zake.

Kituo cha Eburru kilifanya kazi hiyo kwa pareto, kabla nchi haijapata hata megawati moja ya umeme wa mvuke.